Modeli ipi ya usafiri inaifaa Nairobi: hatua nne, mtu mmoja mmoja, au lahajedwali?

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, steji ya Rongai. Makanga anaita "tao mia, tao mia!" (katikati ya jiji kwa shilingi mia) lakini gari halitoki. Lina viti 33 na abiria 19. Dereva hata hajapanda, yuko kwenye kibanda anamalizia chai. Mama aliyeingia wa kwanza amekaa dirishani robo saa nzima, mkoba mapajani, akiangalia saa ya simu.

Ninapoulizwa na mwanafunzi au afisa wa mipango achukue modeli gani ya mahitaji ya usafiri, mimi humrudisha kwanza kwenye gari hilo. Hiyo robo saa utaiandika wapi? Kuna modeli zenye nafasi yake, kuna ambazo unaweza kuichomeka kwa nguvu, na kuna zile ambazo kwake matatu ni basi la Ulaya linaloondoka kwa ratiba.

Modeli ya mahitaji ya usafiri ni hesabu inayokadiria watu wangapi watasafiri, kutoka wapi kwenda wapi, saa ngapi, kwa chombo gani na kupitia barabara ipi, leo na pia baada ya kitu kubadilika. Hapa nitalinganisha aina tatu zinazotajwa sana: ya hatua nne, ya mtu mmoja mmoja, na ya lahajedwali (hesabu ya jedwali la kompyuta, kama Excel). Zote nitazipa swali lilelile ili tusibishane hewani. Katika mistari ya BRT (mabasi ya mwendo kasi yenye njia yake yenyewe) iliyopangwa Nairobi na kupewa majina ya wanyama (Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati), mstari wa Simba unakusudiwa kuunganisha Rongai, katikati ya jiji na Barabara ya Thika. Siku mabasi hayo yakianza, nani atashuka kwenye matatu ayapande? Nani atabaki? Na nani ataendelea kutembea kwa sababu nauli za vyote viwili zimemshinda?

Dakika kumi na tano zinazogeuza jibu

Nianze na hesabu ndogo ya kubuni, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niache kuamini ripoti kwa kuangalia ramani zake nzuri.

Tuseme abiria wetu hupata shilingi 30,000 kwa mwezi kwa saa 200 za kazi. Saa yake moja ni shilingi 150. Desturi ya wengi katika fani hii ni kuhesabu muda wa safari kwa takriban nusu ya hapo, kwa hiyo dakika yake moja tunaipa shilingi 1.25. Desturi nyingine ni kuhesabu dakika ya kungoja au ya kutembea kuelekea kituoni mara mbili, maana dakika kumi za kusimama juani, au za kukaa katika gari lisilotoka, haziwi sawa na dakika kumi za kuwa mwendoni.

Matatu: nauli 100, kungoja gari lijae dakika 15, mwendo dakika 60. BRT: nauli 120, kutembea hadi kituoni dakika 10, kungoja 5, mwendo 35.

Ukipiga hesabu kwa uaminifu, matatu inamgharimu shilingi 212.50, muda na nauli pamoja. BRT inamgharimu 201.25. Anahama.

Sasa mpe hesabu hiyohiyo mtu ambaye hajawahi kupanda gari pale steji. Ataona kwenye data kwamba magari hutoka Rongai kila baada ya dakika nne, atachukua nusu yake kama wastani wa kungoja, yaani dakika mbili, kisha aendelee. Gharama ya matatu inashuka hadi shilingi 180. Abiria yuleyule, nauli ileile, na sasa habanduki kwenye matatu. Mstari wa BRT wa mabilioni umekosa abiria kwenye karatasi kwa sababu ya dakika 13 ambazo hakuna aliyezihesabu.

Na hapo nimezungumzia wa mwanzo wa njia tu. Anayengojea gari katikati ya Magadi Road hana shida ya kujaza. Shida yake ni kwamba yote yanampita yakiwa yameshajaa. Kungoja kwake ni kwa aina nyingine kabisa, na modeli inayotumia wastani mmoja wa kungoja kwa njia nzima inawakosea wote wawili.

Kitu cha pili kabla ya kulinganisha ni miguu. Utafiti wa kaya wa mwaka 2004, uliofanywa kwa ajili ya mpango mkuu wa usafiri wa Nairobi kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, ulikuta karibu nusu ya safari zote za jiji ni za miguu. Anayetoka Mukuru kwa Reuben kwenda kibaruani Industrial Area hatembei kwa kupenda mazoezi. Kwake chaguo la kwanza ni miguu, na matatu ni anasa ya siku ya mvua. Modeli inayoanza na "wenye magari" na "wasio na magari", kisha wa pili wote ikawapakia kwenye matatu, imeshapotea kabla ya kuanza.

Hatua nne: mzee wa kazi

Hii ndiyo modeli inayofundishwa vyuoni na inayotajwa katika karibu kila hadidu ya rejea. Ilizaliwa Marekani miaka ya 1950, Detroit na Chicago, kwa swali moja hasa: barabara kuu tutakayojenga iwe na leni ngapi? Tusisahau asili hiyo, maana inaeleza mengi ya uzuri wake na ya ubovu wake.

Unagawa jiji katika kanda. Kwanza unakadiria kila kanda inatoa safari ngapi na kuvuta ngapi, ukitumia idadi ya watu, ajira, shule na maduka. Halafu unaunganisha zinakotoka na zinakokwenda, mara nyingi kwa kanuni inayofanana na mvutano wa ardhi: kanda kubwa na ya karibu huvuta zaidi ya ndogo na ya mbali. Tatu, unagawa safari hizo kwa vyombo. Nne, unazimwaga barabarani na kuziacha zitafute njia ya muda mfupi, hadi ifike hali ambayo hakuna anayeweza kufaidi kwa kubadili njia. Kanuni hiyo ya mwisho iliandikwa na Wardrop mwaka 1952 na bado ndiyo moyo wa programu nyingi.

Uzuri wake ni kwamba inaelezeka. Ukisimama mbele ya kamati ya bunge la kaunti, unaweza kuonyesha jedwali la kutoka-na-kwenda, ukaweka kidole: hizi ni safari za kutoka Kasarani kwenda Westlands asubuhi. Wakopeshaji wa miradi wanaijua. Mkaguzi anaijua. Mtu wa tatu akija baada ya miaka mitano anaweza kuifungua na kuielewa, mradi ameachiwa faili (nitarudi kwenye hilo).

Kasoro yake ya kwanza Nairobi ni ukubwa wa kanda. Njia rahisi ni kutumia wadi, na kaunti ina wadi 85. Lakini safari inayoanza na kuishia ndani ya kanda moja haimwagwi barabarani kamwe. Inabaki nambari kwenye mshazari wa jedwali. Kwa Karen hilo halina madhara makubwa. Kwa Pipeline, ambapo ghorofa zimebanana hadi nguo za jirani zinakugusa dirishani, wadi nzima ni mwendo wa miguu. Kwa kanda kubwa umefuta watembea kwa miguu wote bila kubonyeza kitufe chochote kilichoandikwa "futa". Suluhisho ni kuzipasua kanda, ukijengea juu ya maeneo madogo ya kuhesabia watu yaliyotumika kwenye sensa, hasa upande wa Eastlands na kwenye mitaa ya mabanda.

Ya pili ni mpaka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi, na watu hutaja nambari hiyo kana kwamba ndiyo jiji. Rongai yenyewe, steji yetu ya kupimia, iko Kajiado. Ruiru na Githurai ya upande wa pili ziko Kiambu. Syokimau na Mlolongo ziko Machakos. Si bure mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji, NaMATA, ilipoundwa mwaka 2017 ilipewa kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Ukichora modeli yako kwenye mpaka wa kaunti, asubuhi utaona magari yanachipuka mpakani kama uyoga, na hutajua yametoka wapi.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi kutibika. Hatua nne huhesabu safari, haimfuati mtu. Mama mboga anatoka Kayole alfajiri kwenda sokoni, anarudi na magunia, anafungua kibanda, saa nane anampitia mtoto shuleni, jioni anakwenda chamani. Kwenye jedwali huyo ni safari tano zisizojuana. Kumbe safari ya kwanza ndiyo iliyoamua zote, maana mwenye magunia hawezi kuamua kutembea.

Na kuna kanuni ya barabara yenyewe. Programu nyingi bado huja na fomula ya Marekani ya mwaka 1964 inayosema barabara ikifikia uwezo wake, muda wa kupita huongezeka kwa asilimia 15 tu, kisha hupanda kwa kasi baada ya hapo. Ilitokana na barabara ambazo gari halisimami leni ya kati kushusha abiria. Ukiipeleka Mzunguko wa Globe ilivyo, pale ambapo askari wa trafiki akiinua mkono upande mmoja hungoja hadi usahau ulikokuwa unakwenda, utapata mwendo ambao dereva yeyote wa Nairobi atauchekea. Rekebisha vigezo kwa muda uliopimwa hapa, barabara kwa barabara. Ni kazi ya wiki nyingi na haina picha nzuri za kuweka kwenye ripoti, ndiyo maana huachwa.

Kwa swali letu la Simba, hatua nne inatosha kuniambia mabasi mangapi yanahitajika kati ya Bomas na katikati ya jiji saa ya kilele, na mzigo ni mkubwa wapi. Haitaniambia vizuri nani hasa anahama.

Mtu mmoja mmoja: jiji ndani ya kompyuta

Hapa unaacha kanda na kuunda watu. Unachukua sensa na utafiti wa kaya, unatengeneza wakazi wa kubuni wanaofanana na wa kweli kwa umri, kipato, kazi na makazi, kisha kila mmoja unampa siku yake: kuamka, kazini, sokoni, kanisani, nyumbani. Kompyuta inaiendesha siku hiyo. Mtu akichelewa, siku yake inapata alama mbaya, na usiku (usiku wa kompyuta, unaopita kwa sekunde) anajaribu saa nyingine, njia nyingine au chombo kingine. Siku ileile inarudiwa mara mamia hadi watu watulie.

Programu inayojulikana zaidi ni MATSim, ya bure na yenye msimbo wazi, iliyokuzwa na vyuo vikuu vya ufundi vya Zürich na Berlin. Kwa kawaida haiendeshwi na watu wote. Wengi huchukua asilimia kumi ya wakazi na kupunguza uwezo wa barabara kwa kiwango hichohicho.

Inavyonivutia kwa Nairobi ni hivi: ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayoweza kuwa na matatu ya kweli. Ina kijenzi kilichotengenezwa kwa ajili ya minibasi za watu binafsi, zile za Afrika Kusini zikiwa mfano. Ndani yake mwendeshaji wa kubuni hujaribu njia, akipata faida anaongeza gari, akipata hasara anaondoka sokoni. Mtu aliyewahi kuona matatu ikikata kona kupitia mtaani kwa sababu barabara kuu haina watu saa tano, anajua kwamba hayo ndiyo maisha yenyewe. Ukiweka BRT ya Simba humo, si abiria tu watakaobadilika. Wenye matatu nao watajibu. Watahamia njia fupi za kuleta abiria kwenye vituo vya BRT? Watateremsha nauli wapambane? Hatua nne haiulizi kabisa swali hilo, kwa sababu kwake njia za matatu ni mistari uliyoichora wewe na itabaki ulipoichora.

Nauli pia. Huku kwetu mia ya asubuhi ni hamsini saa tano na mia na hamsini mvua ikinyesha. Katika modeli ya mtu mmoja mmoja unaweza kumfanya abiria aone bei ya saa yake, na mwingine aamue kungoja tao hadi saa mbili usiku nauli ishuke. Wanaofanya hivyo ni wengi. Wapo wanaokaa kwenye ngazi za majengo wakipiga gumzo hadi bei irudi.

Lakini bei yake ni kubwa, na sisemi pesa tu. Inataka shajara za siku nzima za watu wa kila aina, na hizo hapa ni adimu. Inataka mtu anayejua kuandika msimbo wa Java na anayeijua Nairobi, watu wawili ambao mara nyingi hawako katika mwili mmoja. Kuitia ulinganifu na hesabu za barabarani ni kazi ya miezi. Kuielezea ndiyo mtihani mkubwa kuliko yote: ukiulizwa "kwa nini abiria wa Lang'ata wamepungua?" jibu la kweli ni kwamba maelfu ya watu wa kubuni walijaribu mambo mamia wakaishia hapo. Jibu hilo halimshibishi mwakilishi wa wadi.

Kingine, ukiiendesha mara mbili kwa mbegu tofauti za bahati nasibu (nambari ambayo kompyuta huanzia kubahatisha), nambari hazitakuwa sawa kabisa. Anayekuonyesha matokeo ya mara moja tu bila kukuambia yanayumba kiasi gani, muulize.

Lahajedwali, kwa wenye haraka

Usiicheke. Ukiwa na hesabu ya abiria wa njia moja, nauli, muda, na makadirio ya jinsi watu wanavyojibu bei ikipanda, unaweza kupata jibu la kwanza kwa siku tatu. Hesabu niliyofanya hapo juu ya shilingi 212.50 na 201.25 ni lahajedwali tu. Inafaa kuamua kama wazo lina maana ya kupelekwa mbele, na inafaa kumkamata mshauri ambaye modeli yake kubwa imetoa jibu la ajabu.

Hatari yake ni kukopa. Watu hupenda kanuni ya zamani ya Marekani kwamba nauli ikipanda kwa asilimia tatu, abiria hupungua kwa asilimia moja. Kanuni hiyo ni ya mahali ambapo anayeacha basi ana gari nyumbani. Hapa anayeacha anatembea, au anaamka saa kumi, au mmoja wa watoto habebwi tena na gari la shule.

Kuna ndugu yake mmoja anayestahili kutajwa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliitazama Nairobi kwa njia ya jumla. Wazo ni kuacha kumfuata kila mmoja, na badala yake kuuliza katikati ya jiji inaweza kubeba magari mangapi kwa wakati mmoja kabla ya mwendo wa wote kuanza kuporomoka. Kama swali lako ni kuzuia magari kuingia tao au kuhamisha steji nje ya tao, anza huko, kwa sababu utapata jibu kwa data chache mno. Kwa swali la Rongai haisaidii sana.

Zikiwekwa bega kwa bega:

| | Hatua nne | Mtu mmoja mmoja | Lahajedwali |
|---|---|---|---|
| Muda wa kuijenga | Miezi kadhaa hadi mwaka | Mwaka na zaidi | Siku hadi wiki |
| Watembea kwa miguu | Wamo, kanda zikiwa ndogo | Wamo | Uwaweke mwenyewe |
| Gari linalongoja kujaa | Kwa kuchomeka | Inawezekana kikamilifu | Nambari moja |
| Wenye matatu kubadili njia | Hapana | Ndiyo | Hapana |
| Nauli ya mvua na ya kilele | Kwa shida | Ndiyo | Kwa mikono |
| Kuielezea kwa wasio wataalamu | Vizuri | Vibaya | Vizuri sana |

Data: hapa ndipo pesa huishia

Watu hubishana wiki nzima kuhusu programu na nusu siku kuhusu data. Inafaa kuwa kinyume.

Dodoso la kaya bado ndilo linaloeleza kwa nini mtu alisafiri, nani alibaki nyumbani, na nani alitembea kwa kukosa nauli. Lakini lina mapengo yanayojirudia. Nilipokuwa nikisimamia wadadisi, Kileleshwa walizuiwa getini: askari anapiga simu juu, simu haipokewi, mdadisi anarudi. Pipeline geti liko wazi, ila saa nane mchana utakuta watoto na yaya. Mwenye safari anarudi saa mbili usiku, na mdadisi ameshaondoka kwa kuogopa giza. Kwa hiyo unakosa matajiri na unakosa wanaofanya kazi saa nyingi. Wapeleke jioni na wikendi, walipe nauli ya kurudi, na panga kaya za ziada kwenye mitaa yenye mageti. Swali la safari fupi nalo liulizwe kwa namna yake: ukimuuliza mtu "ulisafiri wapi jana?" hatataja kwenda dukani kwa miguu, maana kwake hiyo si safari. Muulize "ulitoka nje ya geti mara ngapi?"

Rekodi za simu zinavutia kwa wingi wake. Karibu kila mtu mzima jijini ana laini, na wengine wana mbili, jambo ambalo lenyewe ni tatizo la hesabu. Zinaonyesha vizuri mtiririko mkubwa: Rongai na tao, Kayole na Industrial Area. Hazionyeshi chombo. Mnara hauwezi kutofautisha aliye kwenye matatu, aliye kwenye bodaboda aliyemkwepa huyo wa matatu, na aliye kwenye gari la ofisi. Watoto wa shule hawamo kabisa, na asubuhi ya Nairobi bila watoto wa shule si asubuhi ya Nairobi. Halafu kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Usitegemee kupewa rekodi za mtu mmoja mmoja. Utakachopata, ukipata, ni majumla yaliyofichwa majina.

Ya tatu ni ramani ya njia za matatu. Hapa Nairobi ina bahati ambayo miji mingi haina. Mradi wa Digital Matatus, uliowashirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, Columbia na MIT, ulituma wanafunzi kupanda magari wakiwa na simu, wakarekodi njia zaidi ya 130 na vituo vyake, na ramani ikatolewa mwaka 2014. Data iliwekwa katika GTFS, muundo wa faili za njia, vituo na saa za mabasi ambao karibu kila programu ya usafiri huusoma. Ichukue, lakini kumbuka umri wake. Barabara zimejengwa tangu hapo, Expressway ya kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands ilifunguliwa 2022, na steji za tao zimehamishwa zaidi ya mara moja. Pia muundo huo ulibuniwa kwa mabasi yenye ratiba. Saa zilizomo kwa matatu ni makadirio, na ukiziingiza bila kugusa umerudi kwenye zile dakika mbili za kungoja.

Kama nina pesa za vitu viwili tu, nanunua dodoso dogo lililofanywa vizuri, pamoja na wiki mbili za watu waliokaa steji na saa mkononi wakiandika: gari limeanza kujaza saa ngapi, limetoka saa ngapi, lilikuwa na watu wangapi, nauli ngapi. Karatasi na kalamu. Wiki hizo mbili huibadilisha modeli kuliko leseni yoyote.

Programu na faili

Visum, Emme, TransCAD na Cube zote zinaweza hatua nne, zote ni ghali, na tofauti zao kwa swali kama letu ni ndogo kuliko wauzaji wanavyodai. AequilibraE ni ya bure na hukaa ndani ya QGIS, programu ya bure ya ramani. Kwa mwanafunzi au ofisi ndogo inatosha.

Kinachonisumbua ni kingine. Niliwahi kutumwa kuchukua modeli ya jiji katika ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Iligharimu pesa nyingi na ripoti yake ilikuwa kabatini, juzuu tatu, jalada linang'aa. Faili hazikuwepo. Zilibaki kwenye kompyuta ya mshauri aliyeondoka nchini, leseni ilikuwa ya mwaka mmoja, na nywila ya mashine iliyobaki haikujulikana na mtu yeyote. Tulianza upya, kutoka kuchora mtandao wa barabara. Tangu siku hiyo naangalia mkataba kabla ya kuangalia mbinu: jedwali la kutoka-na-kwenda likabidhiwe kwa muundo wa kawaida, mtandao ukabidhiwe, data ghafi ya dodoso ikabidhiwe ikiwa imeondolewa majina, na wafanyakazi wawili wa ofisi wakae na mshauri kuanzia siku ya kwanza.

Ningechagua ipi

Kwa swali la Simba, nikiwa na mwaka mmoja na timu ya watu wanne, ningechukua hatua nne yenye kanda ndogo na kaunti zote tano. Kungoja kwa matatu kungewekwa kwa saa na kwa kituo, kutokana na hesabu za steji, na abiria wangegawanywa katika angalau makundi matatu ya kipato badala ya kupewa thamani moja ya muda. Kipengele hicho cha mwisho ni cha lazima popote penye tozo au nauli ya juu. Expressway na barabara iliyo chini yake zinapita sambamba, na anayelipa ili apite juu hana thamani ya muda ya wastani.

Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuandika kitu kipya achukue MATSim na mkondo mmoja tu, Rongai hadi tao, na aone wenye matatu wa kubuni watafanya nini BRT ikiingia. Asijaribu jiji zima. Nimewaona waliojaribu, na bado wanaandika.

Chama cha akiba cha matatu kinachotaka kujua kama kinunue magari makubwa kabla mstari haujaanza, kiketi na lahajedwali na makanga wawili wazoefu kwa alasiri moja.

Ofisi ya kaunti yenye mhandisi mmoja na kompyuta mbili isikubali kupewa modeli ya mtu mmoja mmoja hata kama mfadhili analipa, isipokuwa mshahara wa mtu wa kuitunza nao umo kwenye bajeti.

Yeyote utakayemkabidhi kazi, siku ya kupokea modeli mwombe afungue jedwali mbele yako, aende kwenye safu ya Mukuru kwa Reuben na safu-wima ya Industrial Area, asubuhi, kwa miguu. Kama kisanduku kina sufuri, usitie sahihi.